Babokilo wa Shimoni

Watoto wa avenyi yetu, barabara moja ya Bigo huku mjini Bunia, walikuwa na mchezo wao. Mmoja anaingia ndani ya mtaro wa maji ya mvua, anajikunja, kichwa katikati ya magoti. Wengine wanasimama juu yake na fimbo. Halafu mmoja anakuja mbio anasema, "Bokilo yangu, huyu ni bokilo yangu," na yule wa mtaroni anatoka mzima. Asiyepata mtu wa kumsemea anachapwa mpaka analia kweli. Mchezo huo hawakuuokota barabarani. Waliutoa kwa jirani yangu, muzee wa nyumba ya pili kutoka kwangu, ambaye kartye nzima, mtaa wote, ilimwita Bokilo, na hatukumwita hivyo kwa heshima.

Kama weye si mtu wa kwetu, nikuambie. Bokilo ni mkwe, ni shemeji, ni mtu yeyote aliyekufikia kwa njia ya ndoa; wakiwa wengi, babokilo. Bokilo hapigwi. Huli mbele yake, humtazami usoni ovyo, na ukimpa kitu unageuza macho pembeni, maana kumtazama bokilo akipokea ni kumvua nguo. Wazee walisema mkono unaompiga bokilo unakauka. Na jambo lingine: huku Bunia majina ya makabila hatuyataji sokoni. Tunasema siye, tunasema wale, na kila mtu anaelewa. Mimi ni wa siye. Bokilo naye alikuwa wa siye. Nauza samaki wa chumvi wa Tchomia, kule ziwani, kazi ambayo haijanifundisha maneno laini, kwa hiyo usitegemee nimpake mtu huyu mafuta kwa sababu tu mambo yake yaliisha vibaya.

Wakati wa vita kubwa alikuwa askari wa upande wetu, kwenye kambi moja ya kilimani, upande wa barabara ya Iga. Kazi yake ilikuwa kulinda shimo. Wale waliokamatwa walitiwa humo, ndani ya ardhi, magogo juu yao, na kati ya gogo na gogo nafasi ya kupitisha mkono. Askari waliotoka zamu walisimama juu ya magogo wakakojoa. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani yao, na aliyekuwa chini hakuwa na pa kukwepea. Komanda akitaka mtu, anatolewa mmoja, wanaenda naye nyuma ya mikaratusi, wanarudi bila yeye.

Haya sikuambiwa na Bokilo. Niliambiwa na mtu aliyekuwa chini ya yale magogo, muzee mmoja wa Tchomia, ambaye baada ya vita ndiye aliyekuwa akinitumia samaki. Ni mtu wa wale. Biashara haiulizi. Alikuwa hana meno ya mbele, na ilichukua miaka mingi ya kupokea vikapu vyake kabla sijajua yalikwenda wapi.

Muzee wa Tchomia alinisimulia hivi. Kila mateka alipoletwa, kabla hajasukumwa ndani, mlinzi alimuuliza swali moja: "Weye ulioa wapi?" Hakuuliza jina, hakuuliza kijiji, hakuuliza bunduki ziko wapi. Mtu akijibu, yeye anaanza kufuma undugu. Mke yako ni wa mlima ule? Basi pale ndipo shangazi yangu aliolewa, na mume wa shangazi yangu alikuwa na mdogo wake, na mdogo huyo alimchukua binti wa kwenu. Kabla ya vita siye na wale tulikuwa tumeoana sana, eneo letu lote la Djugu, kwa hiyo uzi wa kuanzia haukukosekana. Pale ulipokosekana aliutunga. Halafu anawageukia wenzake: "Huyu ni bokilo yangu. Musimukojolee."

Wenzake walikuwa vijana wa vijijini, wenye kuua mtu na kurudi kumalizia bugali. Lakini laana ya bokilo waliiogopa kuliko walivyomwogopa komanda. Siku ya kutoa mtu ikifika, wanamruka huyo. Shimo likajaa babokilo.

Usifikiri aliwabembeleza. Alikuwa akiwatukana mchana kutwa, mama zao na ng'ombe zao. Maji aliwateremshia katika bidoni, dumu la plastiki lililokatwa na kufungwa kamba, na kila alipoteremsha aligeuza uso wake pembeni. Wafungwa waliona ni kinyaa. Wengine walitemea yale maji mate kabla ya kunywa, kwa hasira ya kudharauliwa. "Mimi ndiye nilielewa," Muzee wa Tchomia aliniambia, akipanga samaki kwenye kikapu. "Nikasema, batu, tazameni vizuri. Huyu mutu hatuchukii. Anatupatia maji sawa vile banapatia bokilo." Wenzake wakamwambia njaa imempanda kichwani.

Siku moja komanda alikuja mwenyewe kutazama. Akauliza mbona shimo halipungui. Akaambiwa. Akacheka sana, akaamuru atolewe mmoja, na aliyetolewa akawa Muzee wa Tchomia. Komanda akamwambia mlinzi: "Bokilo hapigwi, si ndiyo? Basi muchape huyu. Ukimuchapa, weye ni mwongo, na bote banaenda nyuma ya miti. Ukikataa, weye ni mutu ya wale, unaingia shimoni nao."

Hapo ndipo ujue akili ya jirani yangu ilivyokuwa. Alichukua fimbo, akampiga yule mtu usoni kwa nguvu zake zote. Meno yakatoka. Akaendelea mpaka fimbo ikavunjika, akachukua nyingine, huku akisema: "Bokilo anaheshimiwa kama ameleta mbuzi. Huyu alibeba dada yetu bila hata mbuzi moja. Bokilo bila mbuzi anachapwa." Askari wakaangua kicheko. Kila mmoja alikuwa na shemeji wa namna hiyo nyumbani kwao. Komanda naye akacheka, akasema endelea kudai mbuzi zako, akaondoka. Muzee wa Tchomia akarudishwa shimoni akiwa nusu mfu, na toka siku hiyo hakutolewa mtu mwingine mpaka vita ilipogeuka na shimo likafunguliwa.

Sasa, mkono wake. Ule wa kulia, uliochapa, ulianza kukaza vidole muda mfupi baada ya siku ile. Nilipomfahamu mimi, ulikuwa umekunjika kama anashika kikombe kisichokuwepo. Alisalimia kwa mkono wa kushoto, na waliokuwa hawajui walichukua kama tusi. Daktari alimwambia ni mishipa. Yeye alisema, "Daktari hakuwa pale." Nilimcheka: yule hakuwa bokilo wako, ulitunga mwenyewe, laana itakupataje kwa uongo? Akanitazama kwa yale macho yake mekundu. "Mama ya samaki, uongo nilisema kwa batu. Mukono haikusikia ni uongo."

Alikuwa na mdomo mchafu, sifichi. Watoto wa avenyi walijifunza matusi kwake kabla ya kujifunza kusoma. Mke wake alikimbia mapema, akamwachia binti mmoja, Dorkasi, na binti huyo alilelewa kwa kelele. Akichelewa kisimani, kelele. Akicheka na jirani, kelele. Lakini viatu vya Dorkasi vya shule alivisafisha yeye kila asubuhi kwa ule mkono mmoja, amekibana kiatu kati ya magoti, na ukimkuta anakitupa pembeni anaanza kukutukana weye.

Na wale hakuwapenda. Hilo watu wa mbali hawalielewi nikiwaambia. Walidhani mtu aliyewaokoa wale basi atakuwa rafiki yao. Aliwakwepa sokoni. Maziwa yao hakununua, alisema yana harufu ya shimo. Padri alipohubiri juu ya kupenda adui, Bokilo aliinuka katikati ya misa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi za akina mama, "Huyu hajanusa adui," akatoka, akaenda kukaa nje kwenye jiwe mpaka misa ilipoisha. Jumapili iliyofuata alirudi, akakaa mahali pake.

Jambo moja halikubadilika. Hakula mbele za watu. Saa ya chakula alibeba sahani yake, akageuza kiti, akala akiwa ameupa mgongo mlango na barabara. Nilimuuliza unaficha nyama? Akasema barabarani wanapita watu wengi, na yeye alishasema bokilo kwa watu wengi, hajui ni yupi atapita. Alisema hivyo kwa ukali, kama ananifukuza. Nadhani ilikuwa kweli.

Mimi nilikuwa na kidonda changu kwake. Mdogo wangu wa kiume alikamatwa na wale, wakati uleule, upande mwingine wa barabara ileile. Hatukupata hata shati. Kwa miaka nilimtazama Bokilo akipita, nikawaza: weye ulikaa unawapa maji, na mdogo wangu aliyekuwa wa damu yako nani alimpa? Siku moja ilinitoka. Nilimsimamisha mbele ya mlango wangu nikamwambia hayo yote, na mengine ambayo siyarudii. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kule kwa wale hakukuwa na mwongo." Akaenda zake. Nilimchukia wiki nzima kwa jibu hilo, maana halikuwa na mahali pa kulishika nilitupe.

Siku hizo ndizo walizokuwa wakisema redioni kwamba vita imeisha. Siye wa Bigo tulisema imelala. Lori la samaki lilipanda kutoka ziwani kila wiki, na juu ya lori alikaa kijana wa Muzee wa Tchomia, Fostini, mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Alishusha vikapu kwangu. Dorkasi alikuja kwangu kununua vichwa vya samaki. Sikufanya kitu mimi. Nilikuwa nauza tu, ila niliona vichwa vya samaki vimeanza kununuliwa kila lori linapofika, na nyumbani kwao watu walikuwa wawili tu.

Wakaja kuposa mchana wa Jumamosi, na avenyi nzima ilikuwa nje kutazama. Muzee wa Tchomia alikuwa amevaa koti. Nyuma yake Fostini na ndugu zao, na mbuzi, mbuzi wanono, waliopanda lori pamoja na samaki. Waliwafunga kwenye ua wa Bokilo. Ilikuwa mara ya kwanza wale wazee wawili kuonana tangu shimo lilipofunguliwa.

Muzee wa Tchomia hakukaa. Alisema, na ile sauti yake ya kupitia pengo: "Ulinichapa juu ya kuwa sikuleta mbuzi. Leo nimeleta."

Watu wengine walicheka, wale wanaojua hadithi. Mimi nilihisi machozi, nikayakemea. Nikasema moyoni, sasa Mungu amekumbuka avenyi yetu.

Bokilo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono uliokauka juu ya paja. Akasema, "Ile ilikuwa uongo."

"Najua. Nilijifunika na ile uongo, mvua yote. Haikuvuja."

"Imekwisha kazi yake. Kule nilisema bokilo ili usikufe. Hapa nani anakuua?"

"Hapa hakuna. Ndiyo maana nimekuja hapa, na koti."

Dorkasi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga. Akamtazama baba yake wala hakupepesa.

"Sikia," Bokilo akasema. "Hii vita imelala tu. Siku itaamuka, mutoto yangu atakuwa kwenu, katikati ya batu yako. Batamuona ni wa siye. Batamutia shimoni. Mimi nakuuliza kitu moja, na unijibu kama mutu. Kwenu, ile wakati, kulikuwa mutu hata moja wa kukaa juu ya shimo na kusema uongo?"

Naapa, kama angesema ndiyo, tungekula ndoa siku ile. Neno moja tu. Lakini mtu aliyeokolewa na uongo akashindwa kusema wake. Alitazama chini. Akafikiri kwa bidii, nilimwona, kama anapekua chumba. Labda alimwona mdogo wangu humo, sijui.

"Hakukuwa," akasema.

"Basi beba mbuzi yako."

Wageni walitoka kwa aibu, koti na yote, na mbuzi wakawaacha, kwa sababu mbuzi wa posa hawarudishwi na aliyewaleta. Bokilo aliinuka, akawafungua kwa mkono wa kushoto, akawatupia mawe mpaka wakatoka barabarani wakilia. Jiwe moja lilimvunja mguu mmoja wao. Kartye nzima iliona. Kisha Dorkasi akatoka jikoni, akapangusa unga, akafunga kikwembe chake cha kiunoni vizuri, akawafuata mbuzi. Hakubeba hata sahani. Alipofika kwangu aliniaga kwa kichwa tu, akapotea kwenye kona pamoja nao.

Toka siku ile, mtu akimuuliza Bokilo habari ya mtoto, alijibu, "Mimi nilizaa mbuzi." Watu walicheka, kisha wakachoka kucheka. Dorkasi aliolewa kule ziwani. Muzee wa Tchomia aliniletea habari zake pamoja na samaki, na mimi nilizipitisha juu ya ukuta kwa sauti ya kuongea peke yangu: leo nimesikia fulani ana afya, leo nimesikia fulani ameshika mimba. Upande wa pili wa ukuta kelele za matusi zilikuwa zinakoma mpaka nimalize.

Vita haikuamka kwa kishindo. Iliamka barabarani. Lori la samaki likachelewa, halafu likaja nusu, halafu halikuja. Watu wa vijiji vya Djugu wakaanza kuingia mjini na magodoro kichwani, tena siye na wale, kila mmoja na hadithi yake na kila hadithi ina mwingine wa kulaumiwa. Vijana wa siye wakaweka baryeri, kizuizi cha barabara, kwenye mteremko wa barabara ya ziwa. Mkubwa wao, waliyemwita komanda, alikuwa kijana wa avenyi yetu hiihii. Alipokuwa mtoto nilikuwa nikimfukuza kwenye ule mtaro mbele ya mlango wangu, na fimbo yake mkononi.

Dorkasi alifika mchana, peke yake, kwa miguu, tumbo lake limeshuka. Zahanati ya kule ilikuwa imefungwa, walikuwa wanakuja kuzalia Bunia, yeye na mume wake. Kwenye baryeri walimsikia anavyoongea, wakamwacha apite. Fostini wakamwambia akae chini.

Nilikuwa kwa Bokilo namletea makala, mkaa wa jiko. Alikuwa ameshika sahani, mgongo mlangoni, ndiyo kwanza anaanza kula. Dorkasi alisimama mlangoni akasema, "Papa, bamemukamata Fostini."

Tangu mbuzi walipoondoka walikuwa hawajasemeshana. Aliweka sahani chini, akasema neno moja tu. "Wapi?"

Tukaenda sisi watatu. Nilimwambia Dorkasi abaki, hakunisikia. Mimi nilienda kwa sababu wale vijana walizoea kuninyang'anya samaki, tulijuana, nikadhani uso wangu utasaidia. Bokilo alitembea mbele kwa haraka nisiyowahi kuiona kwake. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, polepole, na nilipomkaribia nikasikia anafuma: mke yake ni binti yangu, binti yangu ni mke yake. Hakuwa na kingine cha kufuma. Safari hii uzi ulikuwa mfupi na ulikuwa wa kweli.

Fostini alikuwa ndani ya mtaro wa barabara, mikono imefungwa nyuma, kichwa katikati ya magoti. Vijana walikuwa juu yake na fimbo na bunduki.

Bokilo akasema, "Huyu ni bokilo yangu."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule komanda wao akajipangusa macho. "Muzee, weye tena? Ile mchezo tumeicheza siye bote. Kila mutu ni bokilo yako. Hata mbwa ya wale ni bokilo yako."

"Safari hii ni kweli."

"Kila safari ulisema ni kweli."

"Muulizeni mama ya samaki."

Nikasema ni kweli, ameoa binti yake, binti huyu hapa, mtazameni tumbo. Nikamwita yule komanda kwa jina la mama yake, nikamkumbusha chakula alichokula kwangu. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa pale siku ya mbuzi. Nilikuwa juu ya ukuta. Huyu muzee alikataa mbele ya batu bote. Alisema hapana bokilo, akavunja mbuzi muguu. Sasa leo ni bokilo juu ya nini?"

Bokilo akasogea mpaka ukingo wa mtaro.

Yule kijana hakuwa na haraka. Alikuwa anafurahi. Aliokota fimbo akampa Bokilo. "Bon. Fanya kama zamani. Bokilo bila mbuzi anachapwa, si hivyo? Muchape tucheke. Tukicheka, utaenda naye nyumbani."

Alisema kwa kinywa chake: utaenda naye nyumbani. Nilisikia, Dorkasi alisikia. Na namjua yule kijana, kwa hilo angetimiza, maana alitaka hadithi ya kusimulia, na maiti alikuwa nazo za kutosha.

Bokilo akashika fimbo kwa mkono wa kushoto. Fostini alielewa mapema kuliko sisi sote. Alijisogeza juu ya magoti, akainama, akamtolea mgongo.

"Papa, muchape," Dorkasi akasema.

Muzee akainua fimbo. Ilikaa juu. Nikasema piga, muzee, piga tu, mgongo unapona. Aliyempiga yule wa Tchomia mpaka meno yakatoka, huyu angeshindwa nini? Fimbo ikashuka polepole, akaiweka chini kwenye majani. Kisha akageuza uso wake pembeni, macho chini, vilevile Muzee wa Tchomia alivyonisimulia.

"Siwezi," akasema. "Huyu ni wa kweli."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana akangoja kidogo, akampa nafasi, hilo nalo nalisema kwa haki. Kisha akawafanyia wenzake ishara ya kichwa. Wakamwinua Fostini, wakaenda naye nyuma ya mikaratusi iliyokuwa kando ya barabara, wakarudi bila yeye. Dorkasi hakupiga kelele. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili, na uchungu ulimshika hapohapo barabarani, tukambeba mimi na mwanamke mmoja mkimbizi wa magodoro mpaka mjini. Alizaa mtoto wa kiume kabla jua halijazama.

Sikwenda kwa Bokilo miezi mingi. Nilikuwa nikiona moshi wa jiko lake, nikajua Dorkasi anapika, hana pengine pa kwenda. Habari za ziwani zilikatika. Mwisho nilienda, kwa sababu nilikuwa na neno limenikaa kooni, na mimi neno likinikaa kooni nakuwa mgonjwa.

Nilimkuta kwenye kiti chake. Amekonda. Sikumsalimia. Nilimuuliza, "Kwa nini hukumchapa?"

Akanyoosha ule mkono uliokunjika, akauweka kati yetu. "Ule bokilo wa uongo alinichukulia hii. Ule wa kweli angechukua nini?"

"Angechukua mkono mwingine. Ungebaki bila mikono, na mtoto angebaki na baba. Heshima yako imezaa yatima."

Nilitaka anitukane. Nilikuja tayari kwa matusi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia, "Bote nilisema ni babokilo, hakuna moja alikuwa wangu. Huyu moja Mungu alinipa. Ningemuchapa, angekuwa kama bale wengine."

Nikamwambia hao wengine wako hai.

Ndipo Dorkasi akaingia, mtoto mgongoni, na sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilidhani ataitupa chini, kama ningeitupa mimi. Aliishika kwa mikono miwili, akapiga goti nusu, akageuza uso wake kabisa upande wa ukuta.

"Bokilo," akamwambia baba yake, "pokea."

Sauti ilikuwa ya heshima, safi, bila hasira yoyote. Muzee aliinamisha macho, akapokea kwa mkono wa kushoto huku ule mkavu umeshika kiwiko chake. Hawakutazamana. Nikaelewa kwamba ndivyo wanavyoishi toka siku ile, kila mchana na kila jioni, na kwamba neno Papa halisemwi tena katika nyumba hiyo.

Aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Dorkasi akatoka na mtoto, nami nikamfuata, maana tungebaki asingekula.